Japani kwa Meli: Vidokezo 14 vya Kuifaidi Pwani Bila Kuhaha

Mtajie mtu Japani, na papo hapo atakutajia treni ya kasi, taa za Tokyo na mlima wenye theluji kileleni. Sawa. Lakini hebu itazame ramani tena: nchi yenyewe ni visiwa vitupu, na miji yake mikubwa karibu yote imekaa ukingoni mwa maji. Sasa ya nini kukimbizana na treni, sanduku mkononi, kila baada ya siku mbili unafungasha upya, wakati ipo meli itakayokubebea kitanda, kabati na kifungua kinywa kutoka bandari moja hadi nyingine? Unalala Kobe, unaamka Kochi, na nguo zako zimetundikwa palepale ulipoziacha.

Kama umeshaanza kupiga hesabu kichwani, karibu. Vidokezo hivi ni vya mtu mwenye shughuli zake, anayetaka kuambiwa afanye nini na akwepe nini.

1. Chagua njia kwanza, meli baadaye

Matangazo yatakuonyesha bwawa la kuogelea, ukumbi wa muziki na meza ya vyakula isiyo na mwisho. Vizuri sana, ila hayo utayakuta hata kwenye meli inayozunguka Mediterania. Wewe nenda moja kwa moja kwenye orodha ya bandari. Zipo safari za kusini, zinazogusa Kyushu na pengine Okinawa. Zipo za kaskazini, zinazopanda hadi Aomori na Hokkaido. Zipo zinazokatiza Bahari ya Ndani ya Seto, yenye visiwa zaidi ya 700, na zipo za wenye nafasi, zinazozunguka kisiwa kizima cha Honshu. Mimi Seto naipa alama za juu, hasa kwa meli ndogo, kwa sababu huko nchi kavu haikupotei machoni: kisiwa kikimalizika, kingine kimeanza.

Mbinu ya haraka? Hesabu majina ya bandari ambayo hujawahi kuyasikia. Yakiwa mengi, hiyo ndiyo safari yako. Tokyo na Osaka unaweza kuzifuata kwa ndege siku yoyote. Sakaiminato je?

2. Visa: mtego uko Busan

Hapa soma polepole, maana ndipo pesa zinapoweza kupotea. Sheria ya Japani hairuhusu meli yenye bendera ya kigeni kubeba watalii baina ya bandari za Japani peke yake. Ndiyo maana meli nyingi za kimataifa, hata tangazo likisema "Japani" kwa herufi kubwa, hupenyeza kituo kimoja cha nje: mara nyingi Busan ya Korea Kusini, au Keelung ya Taiwan. Kwako mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, maana yake ni kwamba ukienda Busan umetoka Japani, na ukirudi unaingia upya. Visa ya kuingia mara moja itakuwa imeshatumika.

Kwa hiyo, kabla hujalipa hata malipo ya awali, iulize kampuni ya meli kwa maandishi: tunatoka nje ya Japani mara ngapi? Nahitaji visa ya kuingia mara ngapi? Kile kituo cha nje kinadai visa yake, au abiria wa meli wana utaratibu wao? Ukienda ubalozini, beba ratiba nzima ya safari, usibebe tiketi ya ndege tu. Na usiridhike na jibu la "usijali, abiria wetu huwa hawapati shida". Huenda abiria wao wengi ni Wamarekani, wasiohitaji visa! Wala usijidanganye kwamba ukijifungia chumbani Busan umekwepa. Suala la kuingia upya linabaki vilevile.

3. Maua yana majira yake, vimbunga navyo vina zamu

Kila mtu anataka maua ya mcheri, na bei za meli zinalijua hilo. Kusini na Tokyo maua hufunguka mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, kisha wimbi zima hupanda taratibu kuelekea kaskazini. Umechelewa kupata likizo? Chukua meli ya kaskazini. Hakodate huchanua karibu na mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, na pale ngome ya Goryokaku, iliyojengwa kwa umbo la nyota, huzungukwa na rangi ya waridi tupu. Kitu kimoja tu: kati ya Aprili 29 na Mei 5 Wajapani wenyewe wana mfululizo wa sikukuu, na nchi nzima iko barabarani.

Juni ni mvua karibu kila mahali isipokuwa Hokkaido. Agosti hadi Oktoba vimbunga hupita, na nahodha ana haki ya kuiruka bandari uliyoingoja mwaka mzima. Usimlaumu. Msimu wangu mimi ni mwisho wa Oktoba na Novemba: majani yamegeuka mekundu, hewa ni kavu, na Mlima Fuji huonekana zaidi kuliko kiangazi, ambapo hujifunika mawingu kama bibi harusi.

4. Tua mapema, usikimbizane na gati

Kutoka Dar es Salaam au Nairobi utabadilisha ndege njiani, Doha, Dubai au Addis Ababa, na ndege zikichelewa meli haikusubiri. Lala Yokohama angalau usiku mmoja. Kutoka uwanja wa Haneda ni kama nusu saa kwa treni. Kutoka Narita ni safari ndefu zaidi, kama saa moja na nusu.

Ukiweza kufika siku mbili kabla, jaribu raha ya Kijapani: kusafirishiwa sanduku. Kwenye uwanja wa ndege tafuta kaunta yenye picha ya paka mweusi aliyembeba mwanawe mdomoni. Hao ni Yamato, walioanza kazi hii mwaka 1976. Unaacha sanduku, unajaza karatasi, kwa kawaida kesho yake liko hotelini. Huduma hiyohiyo itakufaa ukishuka melini na kuendelea Kyoto mikono mitupu.

Halafu soma tiketi vizuri, kwa sababu Yokohama ina magati zaidi ya moja. Osanbashi liko katikati ya mji, na paa lake ni sitaha ya mbao unayopanda kwa mteremko bila ngazi hata moja. Nenda hata kama meli yako haiko hapo. Daikoku liko ng'ambo, kwa ajili ya meli ndefu zisizoweza kupita chini ya daraja la Yokohama. Huko hakuna kituo cha treni, utahitaji teksi au basi la meli. Ila Daikoku lina burudani yake kwa mtu wa kwetu: ni bandari ya kupakilia magari. Yatazame yale yaliyopangwa safu kwa safu ukiwa sitahani. Huenda jirani yako wa Mbagala anasubiri mojawapo.

5. Jina la bandari si anwani

Ratiba ikisema "Tokyo", hakikisha si Yokohama. Ikisema "Kyoto", uliza Kyoto ipi: mara nyingi ni Maizuru, bandari iliyo upande wa pili, kwenye Bahari ya Japani, mwendo wa kama saa mbili kwa barabara. "Mlima Fuji" ni Shimizu, na mlima wenyewe utautazama kwa mbali. Mungu akijalia utauona, mita zake zote 3,776, ukisimama kwenye misonobari ya Miho, ufuo ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia pamoja na Fuji mwaka 2013.

Dawa yake ni dakika tano tu. Tafuta jina la gati kwenye ramani ya simu, upime umbali hadi kituo cha treni au tramu. Hakodate na Nagasaki unashuka na kutembea. Penye umbali, mara nyingi kuna basi la bandari kwenda mjini. Uliza mapokezi usiku wa jana yake.

6. Bandari ndogo ndizo zenye utamu

Hapa ndipo meli inapomshinda mgeni wa treni. Bandari ndogo haina foleni ya dunia nzima, na wenyeji wana muda na wewe.

Chukua Sakaiminato. Mchoraji wa katuni Mizuki Shigeru alikulia hapo, yule aliyewachora vibwengo na mazimwi wa hadithi za kale hadi wakapendwa na watoto wa nchi nzima. Mji umempa barabara yake, na kando ya barabara hiyo zimesimamishwa sanamu zaidi ya 170 za shaba: zimwi la jicho moja, kibwengo cha mtoni, na wengine wa kila umbo. Hata treni ya kwenda huko imechorwa vibwengo. Mtu aliyekua akitishiwa Popobawa atajisikia nyumbani kabisa. Mbinu: watafute wadogo, wale wa kimo cha kiganja, na usichoke.

Kagoshima unaamka ukiwa umekodolewa macho na volkano. Sakurajima iko hai, hulipuka mara nyingi kwa mwaka, na wakazi wa mji huzoa majivu na kuyatia kwenye mifuko ya manjano wanayopewa na manispaa. Zamani ilikuwa kisiwa kamili; mlipuko wa mwaka 1914 ukamwaga lava kiasi cha kuziba mlango wa bahari na kukiunganisha na bara. Usinunue ziara ya bei mbaya. Pantoni huvuka kwa dakika 15, usiku na mchana, kwa nauli ndogo. Ukifika ng'ambo kuna bustani yenye mfereji wa maji moto wa kuloweka miguu, urefu wake kama mita 100, na ni bure. Miguu majini, volkano mgongoni.

Nagasaki usiipangie saa mbili. Wareno walianza kuitumia bandari hiyo mwaka 1571, miaka 22 kabla wenzao hawajaanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa. Mwaka 1636 watawala wa Japani wakajenga kisiwa cha kufukia, Dejima, ili kuwazingira wageni hao; baadaye Waholanzi ndio waliobaki hapo kwa zaidi ya miaka 200, wakiwa karibu dirisha pekee la Ulaya nchini. Leo Dejima imejengwa upya na unaingia kwa miguu. Ni katika pwani hizo za Kyushu aliposhuka, mwaka 1579, Mwafrika aliyeitwa Yasuke, akiwa na mapadri Wajesuiti. Wanahistoria wengi hudhani alitoka Msumbiji. Miaka miwili baadaye alikuwa akimtumikia Oda Nobunaga, mbabe mkubwa wa zama zile. Nunua kipande cha kasutera, keki iliyoachwa na Wareno, upande tramu hadi makumbusho ya bomu la atomiki la Agosti 9, 1945. Jipe muda wa kukaa kimya ukitoka humo. Usipange manunuzi mara baada yake.

Aomori ukiibahatisha kati ya Agosti 2 na 7 utakuta Nebuta, sherehe ya taa kubwa za karatasi zenye umbo la mashujaa, zikisukumwa mitaani kwa ngoma na filimbi. Nje ya siku hizo, jumba la Wa Rasse karibu na maji huzionyesha mwaka mzima.

Hakodate nimekuwekea kwenye chakula.

7. Weka kengele, njia ya maji nayo ni onyesho

Wasafiri wengi hulala wakati wa mandhari bora. Nenda mapokezi uulize: tunapita saa ngapi Kanmon? Akashi je? Kanmon ni mlango-bahari kati ya Honshu na Kyushu. Pembamba pake hapafiki mita 700, na mkondo hukimbia na kubadili upande mara kadhaa kwa siku. Kandoni kuna mabango makubwa ya umeme yanayowaonyesha manahodha mkondo unaelekea wapi na kwa kasi gani. Juu yako daraja la mwaka 1973, chini yako, amini usiamini, watu wanatembea kwa miguu ndani ya handaki.

Daraja la Akashi, karibu na Kobe, lina kisa. Lilipokuwa likijengwa, tetemeko la Januari 1995 liliisogeza minara yake, na urefu baina ya minara ukaongezeka kwa karibu mita moja. Mafundi wakapiga mahesabu upya, wakaendelea, na mwaka 1998 likafunguliwa likiwa na mita 1,991 kati ya mnara na mnara. Kupita chini yake ni dakika chache tu. Vaa koti, chukua chai, panda juu.

Kuingia Nagasaki kusikupite pia. Ghuba ni ndefu na nyembamba, na upande wa kushoto utaiona winchi kubwa ya mwaka 1909 kwenye karakana za Mitsubishi, ambako ndiko ilikojengwa Diamond Princess, meli iliyojulikana dunia nzima ilipowekwa karantini Yokohama Februari 2020.

8. Tumbo lisilopenda mawimbi

Ukishavuka kwenda Unguja kwa boti siku ya kusi kali, hakuna meli ya kitalii itakayokutisha. Hizi ni kubwa na zina mabawa ya kutuliza mtikisiko. Hata hivyo, chagua chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini. Kwa bahati njema ndivyo vyenye bei nafuu. Tangawizi, upeo wa macho, na dawa umeze kabla, usingoje kichefuchefu. Safari za baridi kwenye Bahari ya Japani waachie wenye roho ngumu: pepo za kutoka Siberia hazina utani.

9. Sarafu, plagi na zawadi nyepesi

Kadi ya benki itakufikisha mbali mijini, lakini basi la mji mdogo linataka sarafu. Toa yeni kwenye mashine za fedha ndani ya maduka ya 7-Eleven, zinazokubali kadi nyingi za kigeni na zina maelezo ya Kiingereza. Kadi ya usafiri kama Suica au ICOCA inafaa kwenye treni na tramu za miji mingi na hata kwa kununulia maji dukani. Bahashishi? Melini huongezwa kwenye bili yako kila siku kwa kampuni nyingi za kigeni. Nchi kavu usiache kitu. Utafukuziwa barabarani urudishiwe chenji yako.

Umeme wa Japani ni volti 100, na plagi ni ya miguu miwili bapa, tofauti na miguu yetu mitatu minene. Chaja ya simu haina shida, inahitaji adapta tu. Pasi yako iache nyumbani, melini hawaitaki hata kuiona.

Zawadi: nunua tenugui, vitambaa vyembamba vya pamba vyenye nakshi za kila aina. Havina uzito na havivunjiki. Shangazi atavipokea kwa jicho la mjuzi, maana kanga nyingi zilizovaliwa pwani yetu miaka ya 1950 na 1960 zilichapwa hukohuko Japani, kwa oda za wafanyabiashara wa Mombasa.

10. Soksi zisizo na matundu

Utavua viatu hekaluni, mgahawani, nyumba ya makumbusho na kwingineko usikotarajia. Viatu vya kuchomoa kwa sekunde mbili, soksi nzima. Nimemaliza.

11. Kula bandarini, lakini jua unachokula

Hakodate soko la asubuhi liko hatua chache kutoka kituo cha treni. Kuna tangi la ngisi hai: unapewa fimbo ya kuvulia, unamnasa mwenyewe, na kufumba na kufumbua amekatwakatwa mbele yako. Fika na njaa. Usipoteze pesa kwa kifungua kinywa cha haraka melini siku hiyo... ingawa umeshakilipia, najua, inauma. Osaka kula takoyaki, vidonge vya moto vya unga vyenye pweza ndani. Aliyezoea pweza wa Forodhani atakuwa na maoni yake, na ana haki.

Kwa asiyekula nguruwe au pombe, kuna mambo ya kuchunga. Supu nyingi za tambi hutengenezwa kwa mifupa ya nguruwe, hasa Kyushu, na mirini, kiungo cha mapishi kinachotia utamu kwenye michuzi, kina kilevi. Asiyekula samaki naye ana kazi, kwa sababu mchuzi wa msingi, dashi, kwa kawaida hutokana na samaki mkavu. Jiandikie sentensi ya Kijapani kwenye simu, "sili nguruwe wala pombe", uionyeshe kabla ya kuagiza. Kwa chakula cha halali iarifu meli wiki kadhaa mapema. Usiku wa kwanza mezani umeshachelewa.

Kobe ndiyo bandari rahisi zaidi kwa Muislamu. Kuna msikiti uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza nchini, uliosalimika mabomu ya vita na tena tetemeko la 1995. Mitaa iliyouzunguka ina migahawa na maduka ya halali. Meli ikitia nanga Kobe siku ya Ijumaa, ratiba yako imejipanga yenyewe.

12. Maji moto: oga kwanza, ndipo uoge

Beppu pekee ina chemchemi za maji moto zaidi ya 2,000, na moshi wake unauona ukiwa bado baharini. Madimbwi yasiyoogeka, kwa ukali wa joto, huitwa jehanamu: moja la buluu, jingine jekundu kama damu. Bila shaka ni jehanamu pekee zenye kibanda cha tiketi na duka la zawadi. Kula yai lililopikwa kwa mvuke wake.

Kwenye bafu la umma sheria ni chache. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza hadi utakate, ndipo unaingia kwenye maji ya wote. Nguo za kuogelea haziruhusiwi. Wanaume kwao, wanawake kwao. Taulo dogo halizami majini. Wenyeji huliweka kichwani. Sehemu nyingi hukataa wenye tatuu, kwa hiyo bibi harusi mwenye piko iliyokolea amweleze mhudumu mapema asije akadhaniwa. Unaona haya? Hakuna tatizo. Miji mingi ina vidimbwi vya miguu tu, unakunja suruali na kukaa. Hakodate kuna kimoja palepale kwenye kituo cha tramu cha Yunokawa Onsen, na si mbali na hapo, wakati wa baridi, nyani hukaa kwenye maji yao ya moto wakiwa wamefumba macho. Hawavai nguo za kuogelea pia.

13. Rudi kwa saa ya meli, kisha panda juu

Mlango wa meli hufungwa mapema, mara nyingi nusu saa au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Japani na Busan zina saa moja, lakini Taiwan iko nyuma kwa saa moja, na simu itajibadilisha yenyewe bila kukuambia. Vaa saa ya mkono, iweke kwa saa ya meli. Nyumbani nako ni saa sita nyuma: ukimpigia mama baada ya kifungua kinywa, saa tatu asubuhi, kwake ni saa tisa za usiku. Jitayarishe kujieleza.

Ukisharudi, usikimbilie kuoga. Bandari nyingi ndogo huaga meli kwa shangwe: bendi ya shule, ngoma, bendera zinazopepea. Kochi huweza kukutolea wachezaji wa ngoma ya yosakoi na vipande vyao vya mbao vinavyolia mkononi. Uliza gati liko upande gani, ushike nafasi ukingoni robo saa kabla.

14. Mfuko haujatuna? Kuna feri

Meli ya kitalii ni ghali, tusifichane. Lakini Japani ina feri za usiku za masafa marefu, safi, zenye mgahawa na bafu kubwa la pamoja lenye dirisha la kutazama bahari. Ya Osaka hadi Beppu huondoka jioni na kufika asubuhi, ikikatiza Bahari ya Ndani ya Seto yote. Mojawapo, Sunflower Kurenai, ilianza kazi mwaka 2023 na huendeshwa kwa gesi asilia. Ya Maizuru hadi Otaru, Hokkaido, huchukua karibu saa 21, kwa hiyo unapata mchana mzima baharini. Vyumba viko vya kila hali, kuanzia cha peke yako chenye dirisha hadi nafasi ya kulala ukumbini pamoja na wengine, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote.

Na kwa kuwa feri hizi hazitoki nje ya Japani, ile visa ya kuingia mara moja inakutosha. Beba taulo na vitafunio kutoka duka la karibu na bandari, ufike angalau saa moja kabla. Weka nafasi mapema kama unasafiri mwishoni mwa Aprili au katikati ya Agosti, wakati wa Obon, ambapo familia hurudi makwao na tiketi za bei ya chini huwa za kwanza kuisha.